Kozi unayochagua na mkopo wa chuo: mwongozo kamili kwa vijana wa Unguja na Pemba (na wazee wao)

Kila mwaka matokeo ya form six yakishatoka tu mwezi wa saba swali linalozunguka mitaani ni lile lile, nimepata division two jee mkopo ntapata? Na mie jibu langu siku zote huwa ni swali: unaenda kusoma nini?

Maana watu wengi wameshika kwamba mkopo ni habari ya umaskini tu, kwamba ukiwa yatima au baba yako mvuvi wa Kojani basi pesa zinakuja zenyewe. Hali ya nyumbani inaangaliwa, tena sana, lakini ni nusu ya hesabu. Nusu nyengine ni kozi. Kozi ndio inoamua uko kundi gani la kipaumbele, utalipiwa miaka mingapi, utapata pesa za field (mafunzo kwa vitendo) au hupati, na ukishaingia chuoni yale masomo unayosajili na kufaulu ndio yanaamua kama mwakani bumu, zile pesa za kujikimu za mkopo, linaendelea au linakatika. Kwa hiyo usichague kozi leo halafu mkopo uje uufikirie mwezi wa tisa. Vitu viwili hivi vinachaguliwa siku moja.

Twende taratibu.

Hatua ya 1: Jua unaomba bodi gani

Sie Wazanzibari tuna milango miwili. Kuna Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, ZHELB, iloundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na kuna ile bodi ya muungano, HESLB, ambayo sheria yake ni ya 2004 na ikaanza kazi 2005. Bodi ya Zanzibar inataka uwe Mzanzibari na Zan ID yako mkononi. HESLB inachukua Watanzania wote, na Mzanzibari ni mmoja wao, ana haki ya kuomba huko.

Huwezi kuchukua kote kuwili. Wapo wanaojaribu, wanaomba huku na kule wakisema watakaoniwahi ndio hao hao, halafu majina yakigongana mtu anajikuta anaulizwa maswali wakati wenzake washasaini pesa. Chagua mlango mmoja ukijua kwa nini umeuchagua. Na sababu kubwa ya kuchagua iwe ni hii: kozi yako inakaa wapi kwenye orodha ya vipaumbele ya bodi hiyo. Orodha si lazima zifanane. Bodi ya Zanzibar huangalia nchi inataka wataalamu gani, na tokea Rais Hussein Mwinyi aingie madarakani mwaka 2020 neno ni uchumi wa buluu, kwa hiyo mambo ya bahari, uvuvi, mafuta na gesi usiyapite kama huyaoni. Pakua tangazo la mwaka huu la bodi zote mbili, yaweke kwenye simu, yasome yote mawili kabla hujagusa fomu yoyote. La mwaka jana alokutumia binamu yako wasapu lifute.

Hatua ya 2: Tafuta kozi yako iko kundi gani

Hapa ndo penyewe, kwa hiyo ntakaa kidogo.

HESLB wamezigawa kozi za digrii kwenye makundi matatu. Kundi la kwanza kwa ufupi ni ualimu wa sayansi na hisabati, fani za afya kama udaktari, meno, famasi na uuguzi, na uhandisi. La pili lina sayansi nyengine na mambo ya aina hiyo. La tatu ndio biashara, utawala, sheria, sayansi za jamii, lugha na sanaa. Kundi lako linachanganywa na hali ya kipato cha kwenu na hapo ndo inapatikana asilimia utayopewa.

Chukua mfano wa ndugu wawili wa nyumba moja Wete, baba mmoja mama mmoja, barua ya sheha moja, wameomba wiki moja. Mmoja kachagua ualimu wa fizikia na hisabati, mwengine uhusiano wa umma. Umaskini wao ni ule ule, lakini usishangae mmoja akapata ada karibu yote na mwengine akapewa chakula na malazi na kijisehemu cha ada. Mama atasema bodi wana upendeleo, kumbe hakuna alomchukia mtu hapo, ni kundi la kozi tu.

Sasa tahadhari moja na hii naisema kwa herufi kubwa kabisa, JINA LA KOZI LISOME LOTE. Kuna digrii ya sayansi na kuna digrii ya sayansi pamoja na ualimu, kwenye karatasi zinapishana neno moja, kwenye makundi zinaweza kupishana mbali. Fungua kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU, ile tume ya vyuo vikuu Tanzania, tafuta chuo chako, tafuta kozi, linakili jina kama lilivyo, halafu nenda kwenye orodha ya bodi ulitafute jina hilo hilo. Ukilikuta, piga skrinishoti. Usipolikuta, nenda kaulize ofisini ukiwa na hiyo skrinishoti mkononi, usikisie kwa sababu "inafanana na".

Na hapo hapo kwenye kitabu cha TCU angalia masomo wanayotaka. Kigezo cha chini cha digrii kwa aliyetoka form six ni principal mbili, yaani masomo mawili makuu ulofaulu, zenye jumla ya pointi 4, na A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Lakini kozi za kundi la kwanza nyingi zinataka zaidi ya hapo tena kwenye masomo maalum. Ndo maana kwa kweli habari hii inaanzia form five, siku unapochagua komb, yaani mchanganyiko wa masomo. Alosoma HGL (historia, jiografia na Kiingereza) hata awe na A tatu udaktari kwake umefungwa, na kundi la kwanza karibu lote limefungwa nae. Kama una mdogo wako yuko form four sasa hivi mpe asome hapa.

Jee, maana yake kila mtu akimbilie sayansi ili apate mkopo? Hapana bwana. Kama fizikia umeipata E kwa kusukumwa na bado unaenda kusoma digrii yake kwa sababu tu ada italipwa, utakuja kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, mwaka wa kwanza na mkopo wenyewe uuache njiani, na deni la huo mwaka ulosoma linabaki ni lako. Mie naona bora mtu apate asilimia 40 kwenye kozi anayoiweza kuliko 100 kwenye kozi itayomtoa mwezi wa tisa.

Kwa wale walofaulu vizuri sana sayansi kuna jambo jengine zaidi, Samia Skolashipu, imeanza mwaka wa masomo 2022/23. Ile si mkopo, ni ufadhili, hulipi. Inaenda kwa walofanya vizuri zaidi kwenye komb za sayansi NA wamedahiliwa kwenye sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au tiba. Ile "na" ina uzito wake. Una PCM (fizikia, kemia na hisabati) yenye A tupu lakini umekwenda kusoma uhasibu kwa sababu mjomba kakwambia benki kuna pesa, basi ushajitoa mwenyewe.

Hatua ya 3: Angalia kozi ni ya muda gani na ya namna gani

Kozi za jioni na zile za kusoma kidogo kidogo, HESLB hawako huko, wanataka mwanafunzi wa muda wote. Na mtu mwenye ajira rasmi hayumo. Umri usizidi miaka 35, na form six au diploma uwe umemaliza ndani ya miaka mitano. Hii ya miaka mitano inawakamata sana vijana walomaliza skuli wakaenda kufanya kazi hotelini Nungwi au Paje, wakirudi wanakuta mlango umeshafungwa. Kama umepanga kupumzika mwaka mmoja miwili hesabu miaka yako vizuri. Waliopita diploma wakumbuke pia TCU wanataka GPA, yaani wastani wa alama, isiopungua 3.0.

Halafu miaka ya kozi. Ualimu mwingi ni miaka 3, uhandisi 4, uuguzi 4, udaktari 5. Mkopo unapangwa kwa miaka ya kozi, sawa, lakini na deni nalo linakua kwa miaka hiyo hiyo. HESLB wanakata asilimia 15 ya mshahara ukishaajiriwa, kwa hiyo mshahara wa 800,000 unaondoka na 120,000 kila mwezi, na mwenye deni la miaka mitano atakatwa muda mrefu kuliko wa mitatu. (Yale makato ya asilimia 6 ya kulinda thamani ambayo kaka zetu wanatutishia nayo yalifutwa 2021, msikae mkaogopa hayo.)

Hatua ya 4: Piga hesabu ya vifungu vya kozi yako

Watu wanasema "mkopo" kama kitu kimoja, kumbe ni vifungu vifungu, na kozi yako ndio inasema vipi vinakuhusu.

Chakula na malazi ni 10,000 kwa siku, ilikuwa 8,500 ikapandishwa 2022. Mkupuo wa siku 60 ndo ile 600,000. Vitabu na viandikwa 200,000 kwa mwaka. Field ni 10,000 kwa siku kwa siku zisozidi 56, yaani 560,000 ikijaa, lakini hii inakuja tu kama kozi yako ina mafunzo kwa vitendo na mwaka huo ndio wa kwenda. Kuna na mahitaji maalum ya kitivo, hayo ni ya kozi zenye vifaa vyake, mtu wa maabara au wa kuchora ramani atakipata na mtu wa historia hakimhusu. Halafu ada yenyewe, ambayo inaenda chuoni moja kwa moja, wewe huioni.

Sasa kaa na mzee wako mchukue karatasi. Ada ya chuo kwa mwaka, toa asilimia mnayodhani mtapata, kinachobaki nani atalipa? Na kozi inafundishwa wapi? Watu wanasahau hili. SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, ni chuo kimoja lakini afya iko Mbweni, utalii Maruhubi, kilimo Kizimbani, na Pemba wana kampasi ya Benjamin Mkapa kule Mchangamdogo. Kijana wa Konde akipata kozi anoitaka Mchangamdogo analala kwao, ile 10,000 kwa siku inamtosha na anasaidia nyumbani. Akichagua kozi ya Dar kuna chumba, kuna daladala kila siku, kuna nauli ya boti kila likizo, pesa zile zile zinamuishia wiki ya sita.

Hatua ya 5: Omba, na majina yafanane

Hii naipita haraka kwa sababu maelezo yake yamejaa kila pahala. Namba ya mtihani ya form four uliyoombea chuo ndio hiyo hiyo uombee mkopo. Cheti cha kuzaliwa kwa sie huku kinahakikiwa na ZCSRA, wakala wa usajili wa matukio ya kijamii Zanzibar, kafanye mapema, usingoje wiki ya mwisho ukakuta foleni mpaka barabarani. Barua na sahihi ya sheha, kisha wakili au hakimu. Na tafadhali angalia majina, khasa haya yetu yenye kh na dh: cheti cha kuzaliwa kimeandika Khamis, cha form four Hamis, Zan ID ina majina matatu na skuli ulitumia mawili. Rekebisha kabla, maana hapo ndo kozi ya kundi la kwanza inakaa inasubiri herufi moja.

Kama umechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, unathibitisha kimoja tu kwa zile namba za siri wanazokutumia. Kabla hujabonyeza rudi hatua ya 2 na ya 4. Ukishabonyeza ndo kozi hiyo bodi itayokupangia mkopo.

Hatua ya 6: Ukitaka kuhama kozi

Inatokea. Umefika, wiki ya tatu unaona hapa sipo. TCU hufungua dirisha la uhamisho mwanzoni mwa mwaka wa kwanza, kuhama ndani ya chuo au chuo kwa chuo, ila uwe na sifa za kozi unayokwenda. Likifungwa limefungwa.

Kosa la watu ni kuhama kwanza na kuuliza baadae. Fanya hivi: nenda ofisi ya afisa mikopo wa chuo, mwambie waziwazi, "Shikamoo, natoka kozi hii naenda hii, mkopo wangu unakuwaje?" Akujibu mambo matatu. Kozi mpya iko kundi gani. Ada yake ikiwa kubwa zaidi nani anafidia. Na miaka, maana ukitoka kozi ya miaka 4 kwenda ya 3 au kinyume chake mpango wote wa mkopo unabadilika. Halafu hakikisha uhamisho umeonekana kwenye akaunti yako ya mkopo, SIPA kwa walio HESLB, sio kwenye karatasi ya chuo peke yake. Mpaka mifumo isomane unaweza kukaa bila bumu, kwa hiyo uwe na akiba au na mtu wa kukushika mkono.

Na kuahirisha masomo pia, kwa ugonjwa au uzazi, barua iandikwe na ifike ofisi ya mikopo. Ukiondoka kimya kimya unahesabika umeacha chuo.

Hatua ya 7: Ushaingia, sasa chunga masomo unayosajili

Mwanafunzi anaeendelea anapewa mkopo wa mwaka unaofuata kwa sababu amefaulu kuendelea. Chuo kinapeleka matokeo, jina lako likiwa na "anaendelea" mambo sawa. Kwa hiyo sapu, yaani mtihani wa marudio, si aibu, sapu fanya uimalize. Keri ova ndo inayokula taratibu, maana somo ulolibeba unalirudia mwaka ujao juu ya masomo ya mwaka huo, ratiba zinagongana, ukilikosa tena unajikuta mwaka wa tatu umekwisha na hujamaliza. Mkopo wa kozi ya miaka 3 umehesabiwa miaka 3. Mwaka wa nne wa kumalizia viporo usiuwekee matumaini ya bodi, jihesabie ni wa mfukoni mwako.

Kwa mfumo wa TCU krediti moja ni masaa 10 ya kazi ya mwanafunzi, na digrii haipungui krediti 360, yaani 120 kwa mwaka kwa kozi ya miaka 3. Masomo ya lazima hayana mjadala. Ya hiari ndo unapochagua, na hapo usifuate marafiki. Chagua la hiari linalohesabiwa kwenye digrii yako, lisilogongana na la lazima kwenye ratiba, na ambalo utalifaulu. Hakuna sifa ya kusajili masomo ya ziada kwa ushujaa halafu GPA ikashuka chini ya 2.0.

Kwa wenye ndugu Marekani, au waloshinda bahati nasibu ya viza

Nimeiweka kwa sababu huko habari ya masomo imebana kuliko hata huku, na wanaofika wapya hawaambiwi. Kwanza aloenda kwa viza ya mwanafunzi hana msaada wa serikali kuu ya kule, mwenye green card anao. Unajaza fomu inaitwa FAFSA. Ukiwa na kipato kidogo unaweza kupata Pell, ruzuku ambayo hairudishwi, kiwango cha juu dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2025/26.

Sasa somo lisilohesabiwa kwenye digrii yako halilipiwi. Muhula kamili ni krediti 12. Tuseme una haki ya Pell yote, muhula mmoja ni kama dola 3,697. Umesajili krediti 12, lakini somo moja la krediti 3 umelichukua kwa kupenda tu, halimo kwenye programu yako. Kwa Pell wewe una krediti 9, robo tatu, unapata kama dola 2,773. Zaidi ya dola 900 zimekwenda na somo moja, na chuo bado kinakudai ada ya zote 12.

Kuna kipimo cha maendeleo pia, vyuo vingi vinataka umalize kama asilimia 67 ya krediti ulizosajili, na digrii isizidi asilimia 150 ya urefu wake, yaani ya krediti 120 isivuke 180 za kujaribu. Somo uloliacha katikati linahesabiwa umejaribu. Ulobadilisha fani mara mbili krediti za zamani zinaweza kukufuata. Somo ulofaulu ukitaka kulirudia kuongeza alama unalipiwa mara moja tu. Ukiacha muhula mzima kabla ya asilimia 60 ya siku zake, sehemu ya pesa inarudishwa na chuo kinaweza kukugeukia wewe. Na Pell yenyewe ina mwisho, mihula 12 ya maisha. Kwa hiyo kabla ya kuacha somo lolote, ofisi ya msaada wa fedha kwanza, mwalimu baadae.

Hatua ya 8: Ukipewa kidogo au ukikosa

Majina hutoka kwa awamu, kukosa awamu ya kwanza si kukosa. Awamu zikishapita linafunguliwa dirisha la rufaa, na hapa watu wanaandika barua ndefu za kulia ambazo hazina kiambatanisho hata kimoja. Rufaa inataka kitu kipya au kilichokosekana: cheti cha kifo cha mzazi ambacho hakikuhakikiwa, barua ya ulemavu, uthibitisho kwamba ulisomeshwa na mfadhili huko skuli. "Kozi yangu ni ghali" si hoja, maana kozi uliichagua wewe na kundi lake lilikuwa limeandikwa. Lakini kama umepangiwa kundi ambalo silo, kwa mfano wamekusoma uko kozi ya zamani kabla hujahama, hiyo ni hoja nzuri sana, ambatanisha barua ya udahili mpya, uthibitisho wa uhamisho na ile skrinishoti ya hatua ya 2, peleka kabla dirisha halijafungwa na nakala moja ibaki kwa afisa mikopo wa chuo chako.